Mtabiri wa Banda la Kaka Rajabu

Wiki iliyopita fundi alikuja nyumbani kukifungua king'amuzi kilichokuwa kinajizima chenyewe, na alipotoa mfuniko ikatoka ile harufu ya vumbi lililoungulia juu ya plastiki. Mwanangu alikuwa amekaa chini akisubiri mieleka yake. Akaniuliza tu, kama mtoto yeyote anavyomuuliza mzazi wake, "Mama, leo nani atashinda?" Nikamjibu kwa ukali ambao hakuustahili, kisha nikatoka uani nikasimama chini ya kamba ya nguo kama mwenye nguo za kuanua, na kamba yenyewe ilikuwa tupu. Wenzangu mliokulia kwenye mabanda ya video harufu hiyo mnaijua. Mkikaa karibu na televisheni inawapanda puani mpaka mnatoka mmeinusa hata kwenye nywele.

Mimi nilikuwa mtabiri. Mtaa mzima wa Nguvumali hakukuwa na mtoto mwingine aliyeitwa jina hilo, na wakati huo nilikuwa bado najifunza kugawanya kwa njia ndefu. Nilikuwa nakaa na bibi yangu mzaa baba, Bi Time, Mpemba aliyevuka kuja Tanga akiwa na mimi mgongoni baada ya mama kufariki. Baba alikuwa mtu wa biashara, leo yupo, kesho hayupo, kesho kutwa hatujui. Tulipanga chumba kimoja kwa Mama Hidaya, na huko nyuma ya nyumba hiyo hiyo mdogo wake, Kaka Rajabu, alijenga banda la mabati, akaweka televisheni moja kubwa na mabenchi ya mbao yasiyopigwa randa. Tulikaa juu yake tukatoka na vibanzi mapajani, na hakuna aliyelalamika.

Kaka Rajabu alikuwa na tangazo lake. Alisimama mlangoni mchana tukitoka shule, akapaza sauti, "Mubashara! Mubashara kutoka Marekani!" Sisi tukaamini. Ndani ya televisheni taa zilikuwa zinawaka na watu wamevaa makoti, nje kwetu jua limesimama utosini, na Hidaya, binti wa mwenye nyumba wetu, aliwahi kumuuliza mjomba wake mbona kule giza wakati huku mchana. Akajibiwa kuwa Wamarekani hawalali. Tukaridhika kabisa. Mpaka naingia sekondari nilikuwa na picha ya nchi moja yenye usiku wa kudumu, na watu wake wanakesha wakipigana.

Wapiganaji tuliwapa majina sisi wenyewe, kwa sababu ya kwao hatukuweza kuyatamka. Alikuwepo Bwana Harusi, aliyeingia na suti nyeupe akirusha maua. Alikuwepo Sonara, amejaza dhahabu toka shingoni mpaka kiunoni. Na alikuwepo Bubu, ambaye hakusema neno hata walipomwekea kipaza sauti mdomoni, na ambaye nilimpenda kwa mapenzi ya kweli. Bubu alikuwa anapigwa kila siku ya kupigania mkanda. Anapigwa, anainuka, anaondoka bila kusema kitu, nami narudi chumbani kula mkate wangu kwa huzuni kama aliyefiwa.

Sheria ya banda ilikuwa moja. Kabla ya pambano kila mtu anamtaja wake kwa sauti. Likiisha, aliyekosa anainamisha kichwa na waliopata wanapita mmoja mmoja kumpiga kofi la kisogo. Hakuna kulia na hakuna kwenda kumwambia mama. Kuna watoto walioacha kuja kwa ajili ya hayo makofi, na kuna mmoja tuliyekuwa tunamwita Kisogo mpaka ameoa. Mimi nilikuwa sipigwi. Nilikuwa napiga tu, na mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wa mvulana yeyote pale.

Sasa niwaambie nilivyokuwa najua. Bibi alikuwa anapika mkate wa kumimina, akiutia tui zito na iliki, na asubuhi kabla ya shule ilikuwa kazi yangu kuupeleka kwa wateja. Wa kwanza alikuwa Kaka Rajabu. Nilimkuta bandani peke yake, mlango ameuegesha, televisheni ndiyo kwanza ameizima, na lile joto lake bado liko hewani.

"Shikamoo, Kaka Rajabu."

"Marhaba, mtabiri. Haya, leo nani na nani?"

Nikimtaja ambaye siye, alicheka, "Wee!" akaendelea kutafuna. Nikimtaja mwenyewe, taya lake lilisimama. Halikusimama kwa muda mrefu. Lilisita kidogo tu, mkate ukiwa shavuni, halafu likaendelea. Mimi nilikuwa mtoto niliyelelewa na mtu mzima mmoja ndani ya chumba kimoja, kwa hiyo nyuso nilizisoma kabla sijajua kusoma herufi. Nilibadilisha majina mpaka taya lisimame, nikaondoka na jibu langu. Lakini sikujua kuwa ninachukua jibu kwake. Nilidhani jibu liko kwangu, linatoka ndani ya kifua changu, na kwamba Kaka Rajabu anasita kwa sababu ananiogopa.

Ukweli nilikuja kuupata nikiwa mtu mzima, na nilicheka kicheko kibaya. Mieleka ile ilipiganwa wakati sisi kwetu ni alfajiri. Kaka Rajabu aliiangalia peke yake mlango umefungwa, kisha mchana akatuuzia marudio na kutuambia ni mubashara. Sisi tulipokuwa tunapiga kelele na kumwombea mtu dua asianguke, alikuwa ameshaanguka zamani, ameshaoga, pengine ameshalala.

Umaarufu ni kitu kitamu kwa mtoto asiye na mama. Watu wazima walianza kuja bandani kuniona. Kaka Rajabu alinipandisha juu ya kreti la soda nitaje majina, na banda likajaa mpaka wengine wanachungulia kwenye matundu ya misumari. Wanawake wakaanza kunisimamisha njiani. Mmoja alinishika bega akaniuliza tumboni mwake mna nini. Nikasema msichana, uso haukusema kitu. Nikasema mvulana, jicho likacheza. Basi nikasema mvulana, na mvulana akazaliwa. "Wapemba hujuana kwa vilemba," nikawasikia wakisema bombani. "Yule bibi na mjukuu wake wanajua wanalolijua." Nilikimbia kumwambia Bibi kwa furaha. Hakufurahi. Alinivuta sikio akasema, "Weye mtoto, wacha kuzungumza mambo ya watu. Mdomo huponza kichwa."

Mdomo ukaniponza kweli. Mama yake Mama Hidaya alilazwa, na siku moja Mama Hidaya alirudi kutoka hospitali amechoka, ameshika kapu la vyombo, akanikuta nimekaa barazani. Akasimama mbele yangu. Alitabasamu, lakini hakuwa anatania.

"Haya we mtabiri wetu. Mama yangu atarudi?"

"Atarudi," nikasema. Uso wake ulibaki vile vile. Nikaona sijapata. "Hatorudi."

Taya likasimama. Niliona waziwazi, kama la ndugu yake. Nami, kwa ujinga na kwa kiburi, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi ili ajue nina hakika. "Hatorudi, Mama Hidaya."

Hakurudi. Alizikwa wiki hiyo hiyo.

Bibi ndiye aliyekuwa anaosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Mtu akifariki, kabla hata khanga za kilio hazijatoka sandukuni, anatumwa mtoto kwa Bi Time. Siku ile Bibi alijiandaa. Alikoga, akavaa nguo zake za kazi, akakaa kitandani akisubiri kuitwa kutoka chumba cha pili, maana msiba ulikuwa ndani ya nyumba ile ile tuliyolala. Hakuitwa. Wakamleta mwanamke kutoka Mkwaja huko, safari yote hiyo, akapita mbele ya mlango wetu na ndoo. Bibi alimwitikia salamu. Kisha akavua zile nguo akazikunja, na hakunitazama.

Tangu hapo mkate haukuuzika. Si kwamba watu waliukataa, watu wa Tanga hawana ukali huo wa wazi. Walinipokea mlangoni, "Karibu mwanangu, ahsante mwaya, msalimie Bibi," wakauchukua kwa mikono miwili. Nikipita baadaye naukuta wamewavunjia kuku. Hidaya aliambiwa asicheze na mimi, akaja kuniambia mwenyewe, kwa adabu, kama mtu aliyetumwa chumvi. Aliyekuwa mtabiri akawa mchawi, na sikuona palipobadilika. Nilipowajulia mambo yao walishangilia. Nilipolijua moja wasilolitaka, wakasema anayelijua ndiye aliyelifanya.

Mwisho Mama Hidaya alikuja mlangoni kwetu, amesimama nje ya kizingiti.

"Bi Time, mwenzangu, mie sina ugomvi na wewe. Lakini watu wanasema. Na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mie nina watoto humu ndani."

"Mama Hidaya, huyu ni mtoto," Bibi akasema. "Abahatisha tu. Wallahi abahatisha."

"Anabahatisha?"

"Abahatisha."

Mama Hidaya akafikiri kidogo. "Haya. Jumatatu kuna ile mieleka yao mikubwa ya mwaka, wapiganaji wote wanapanda. Mlete atabiri mbele za watu. Akikosa, nitakuomba radhi pale pale, na chumba chako ni chako mpaka ufe. Akipata, utanisamehe, utafute pengine."

Bibi hakuwa amewahi kutia mguu bandani. Mieleka aliiona ni uchi na upuuzi. Lakini alisema sawa, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda, na alipofunga mlango alinivuta karibu. "Mwana wangu," akaniambia, "Jumatatu kosa. Hata mara moja tu, kosa." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimeshapanga kukosa, na kwa kuwa nilikuwa nampenda kuliko nilivyompenda Bubu na dunia nzima, nilipanga kukosa vizuri.

Jumatatu asubuhi nilimpelekea Kaka Rajabu mkate wake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anaula. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na televisheni ilikuwa ya moto nilipopita karibu yake. Nikamtajia majina moja baada ya jingine, nikiangalia taya. Bwana Harusi? Wee! Mpinzani wake? Likasita. Sonara? Likasita. Nikaenda hivyo mpaka pambano la mkanda, nikamtaja Bubu, na taya la Kaka Rajabu likasimama na mkate mdomoni. Nilitoka nje nikalia kidogo ukutani. Bubu alikuwa anauchukua mkanda leo, baada ya vipigo vyote vile, na mimi ilinibidi nimkane.

Mchana banda lilijaa wanawake ambao sikuwahi kuwaona humo. Mama Hidaya alikaa benchi la mbele amejitanda khanga yake ya msiba. Bibi alisimama mlangoni, hakukaa, ameshika kitasa. Kaka Rajabu alikuwa na furaha kubwa, kwa watu waliofurika vile. "Mubashara!" akapaza sauti. "Na mtabiri wetu yupo!" Akanipandisha kwenye kreti.

Pambano la kwanza nikamtaja Bwana Harusi kwa sauti inayosikika. Bwana Harusi akashindwa. Banda zima likanguruma, nikashuka nikainamisha kichwa, na makofi yakaja. Niseme kweli, sijawahi kupigwa kwa raha namna ile. Wote niliowahi kuwapiga walinilipa, na wengine kwa riba. Kisogo kikawaka moto. Nikageuka kumtazama Bibi mlangoni, nikamwona ameachia kitasa, ameshika kifua, midomo inashukuru.

Pambano la pili nikakosa. Makofi. Mama Hidaya akacheka kidogo akamwambia mwenzake kitu, nikaona uso wake umelegea, na Hidaya akanikonyeza kutoka benchi la nyuma. Nilidhani yamekwisha. Laiti ningekuwa mtoto mvivu ningeishia hapo, nikakisia mengine ovyo kama watu. Lakini nilitaka asibaki mtu na shaka. Nikaendelea kukosa.

La tatu wakanipiga wachache. La nne alikuja mvulana mmoja tu, akainua mkono, akamwangalia mama yake, akaushusha. Nilibaki nimeinama nasubiri. Hakuna mkono ulionigusa. Nilipoinua kichwa niliona benchi lililokuwa karibu na kreti langu lina nafasi, na waliokuwa wamelikalia wamebanana kwingine. Kelele zilizobaki zilikuwa za kwenye televisheni. La mwisho nikamtaja aliyekuwa na mkanda, na mbele ya macho yangu Bubu akamwinua, akamtupa, akamlalia mpaka mwamuzi akamaliza kuhesabu. Bubu akaushika mkanda akaulilia machozi bila sauti. Hakuna aliyeshangilia, hata mimi.

Nikaruka chini nikamkimbilia Mama Hidaya. "Nimekosa," nikamwambia. "Nimekosa yote, Mama Hidaya. Umeona?"

Alijivuta nyuma ili nguo yake isiniguse.

"Nimeona," akasema, halafu akamwambia Bibi, kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya kumkaribisha mtu chai. "Bi Time, hawa watoto wengine wote humu wanabahatisha. Kila mmoja kapata hili, kakosa lile. Wa kwako hajapata hata moja. Mtu wa kukosa yote ni yule anayeyajua yote."

Wanawake wakaitikia. Hata mimi nilielewa papo hapo kuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Bibi alimtazama Kaka Rajabu. Sijui kwa nini alimtazama yeye, pengine kwa kuwa ndiye mwanamume pekee mtu mzima aliyekuwepo. Sentensi moja tu kutoka kwake ingetosha. Jamani, haya yote yamepiganwa tangu alfajiri, mimi nimeyaona, na huyu mtoto hupita kwangu asubuhi. Angesema hivyo tungelala kwetu siku ile. Lakini angesema hivyo, kesho nani angekuja kulipia mubashara yake? Aliinama akaanza kuchomoa nyaya za televisheni, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, kama fundi. Kaka Rajabu yupo hai mpaka leo, ni mtu wa swala, anaheshimika. Mimi sijamsamehe na sina mpango huo.

"Tanga ni waja leo waondoka leo," Mama Hidaya akamwambia Bibi akitoka. "Usiweke kinyongo, mwenzangu."

Tulihamia Pongwe, chumba cha nyuma kwa watu wasiotujua. Mkokoteni ulibeba kitanda, sufuria za mkate, na sanduku. Bibi alitembea mbele, mimi nyuma, na njia nzima hakuniuliza kama nimechoka. Tulipofika alipanga vitu, tukaswali, tukala wali mkavu. Nilingoja anisifu. Nilikuwa nimefanya alichoniambia, nimekifanya kuliko alivyoniambia, na kisogo kilikuwa bado kinauma.

Alikaa kitandani akaniita mbele yake, akanishika mikono yote miwili.

"Mwana wangu. Miye ni bibi yako, nimekuleta kwa mgongo wangu huu. Usinifiche. Nani kakupa?"

"Nani kanipa nini, Bibi?"

"Hivyo ujuavyo. Ni mama yako kakuachia? Au kuna mtu hukujia?"

Nikamwambia hakuna mtu. Nikamwambia majina yanakuja tu, kwa sababu ndivyo nilivyoamini, sikuwa na jibu jingine la kumpa. Laiti ningejua ningemwambia habari ya taya, angecheka mpaka alie. Akaniachia mikono. Akaifuta yake kwenye khanga, polepole, bila kukusudia nionavyo mimi, lakini aliifuta.

Toka nimepata akili, kabla ya kulala Bibi alikuwa ananipakata, ananisomea aya za kinga, kisha ananipulizia utosini, kifuani, na kila upande wa kitanda tunacholalia, kitu kibaya kisinisogelee. Usiku wa kwanza Pongwe alinitandikia mkeka chini, karibu na mlango. Yeye akapanda kitandani akasoma aya zile zile, kwa sauti ile ile. Nilifumba macho nikisubiri pumzi yake. Alijipulizia yeye mwenyewe kifuani, kulia, kushoto, na upande niliolala mimi akapuliza mara nyingi zaidi. Kisha akajilaza akiwa amenielekea mimi, na taa hakuizima.